D.D. Palmer: Mfuga nyuki aliyeifanya mikono kuwa dawa ya uti wa mgongo

MGONJWA anayeingia katika chumba cha tabibu wa kiropraktiki, iwe ni Toronto, Sydney au London, hulazwa juu ya meza, kichwa chake hushikwa kwa mikono miwili, shingo hugeuzwa taratibu hadi pale inapokaza, kisha husukumwa mara moja kwa ghafla. Mlio mdogo husikika. Tendo lote la kusukuma halizidi muda wa kupepesa jicho, na mgonjwa huinuka akiigusagusa shingo yake kuona kama bado ipo mahali pake.

Mamilioni ya watu hutibiwa kwa njia hiyo kila mwaka, na wengi wao hawamjui mtu aliyeianzisha taaluma hiyo. Jina lake ni Daniel David Palmer, raia wa Canada aliyehamia Marekani, ambaye kabla ya kujiita tabibu alikuwa mwalimu wa shule, mfuga nyuki, mkulima wa matunda na mwenye duka la vyakula. Hakuwahi kusoma udaktari. Alifariki dunia mwaka 1913 akiwa ameshakosana na karibu kila mtu aliyemfundisha kazi yake, akiwamo mwanawe wa kumzaa.

Ugomvi huo ulikuwa na sura nyingi: fedha, jina, shule na heshima. Hata hivyo, chini ya yote hayo kulikuwa na jambo moja ambalo halijapata kumalizika hadi leo. Je, mikono miwili ya watu wawili tofauti inaweza kuugusa uti wa mgongo wa mgonjwa yuleyule, ikaona kasoro ileile, na kuisukuma kwa nguvu ileile? Palmer aliishi na kufa akiamini kuwa inawezekana, mradi mikono hiyo imefundishwa naye.

Alizaliwa Machi 7, 1845 katika eneo la Pickering, mashariki ya mji wa Toronto, na akakulia karibu na Port Perry. Familia yake haikuwa na uwezo mkubwa. Mwaka 1865, akiwa na umri wa miaka 20, yeye na ndugu yake waliiacha Canada na kuingia Marekani, wakati vita vya wenyewe kwa wenyewe katika nchi hiyo vikiwa ukingoni. Kwa miaka kadhaa alifundisha katika shule za vijijini za majimbo ya Iowa na Illinois, kazi iliyokuwa na malipo haba.

Mnamo mwaka 1871 alijipatia shamba dogo huko New Boston, Illinois, kando ya mto Mississippi. Hapo alifuga nyuki, akapanda miti ya matunda na kuuza miche. Kwa takriban miaka kumi alikuwa mtu wa mizinga na bustani. Baadaye alifungua duka la vyakula katika mji mdogo wa Iowa uitwao What Cheer. Alioa mara kadhaa, na baadhi ya wake zake walifariki dunia mapema. Mwanawe wa kiume, Bartlett Joshua, aliyejulikana kwa herufi za B.J., alizaliwa mwaka 1882 na kumpoteza mama yake akiwa bado mtoto mdogo. Miaka mingi baadaye B.J. aliandika kwamba baba yake alikuwa mkali, na kwamba yeye na dada zake walichapwa kwa mikanda.

Marekani ya zama hizo ilikuwa na kila aina ya mganga. Madaktari waliosomea walikuwa wangali wakitumia dawa zenye zebaki, na wagonjwa wengi waliona afadhali kwenda kwa watu wa tiba za maji, za mitishamba au za mikono. Waunga mifupa, ambao hupatikana katika jamii nyingi duniani, nao walikuwapo. Palmer alivutiwa na tiba ya usumaku, ambayo wafuasi wake waliamini kuwa mwili wa mganga una nguvu inayoweza kupita kwenye viganja na kuingia kwa mgonjwa. Alimfuata mganga maarufu wa Iowa, Paul Caster, akaiga njia zake, na mwaka 1886 akafungua chumba cha tiba katika mji wa Burlington. Mwaka uliofuata alihamia Davenport, mji mwingine wa kandokando ya Mississippi, ambao ndio uliolibeba jina lake.

Wagonjwa walimjia kwa wingi. Alikodi vyumba zaidi na zaidi katika jengo moja la katikati ya mji, akachapisha gazeti lake mwenyewe la kujitangaza, na kwa miaka tisa aliishi vizuri kwa kazi ya kupitisha mikono. Tofauti na waganga wenzake waliopapasa mwili mzima, yeye aliamini kwamba kila ugonjwa una kiungo kimoja chenye kosa, na kwamba kazi ya mganga ni kukitafuta kiungo hicho na kukitibu hicho tu. Ukitaka kuielewa kazi yake ya baadaye, ni vema kulikumbuka jambo hilo: alikuwa akitafuta sehemu moja tu hata kabla ya kuujua uti wa mgongo.

Katika jengo hilo alikuwamo msafishaji aliyeitwa Harvey Lillard, Mmarekani mweusi, ambaye alikuwa na matatizo makubwa ya kusikia kwa miaka 17. Kwa mujibu wa maelezo ya Palmer, Lillard alimweleza kwamba siku moja, akiwa amejipinda mahali pa finyu, alisikia kitu kikiachia mgongoni, na tangu hapo masikio yakaziba. Palmer aliupapasa mgongo wake, akakuta pingili moja iliyotokeza. Alimshawishi alale kifudifudi, akaisukuma pingili hiyo kwa mikono, na Lillard akaanza kusikia. Tarehe inayotajwa ni Septemba 18, 1895, na matabibu wa kiropraktiki duniani kote huisherehekea kama siku ya kuzaliwa kwa taaluma yao.

Hapo ndipo mambo yanapoanza kuwa magumu kwa mwenye kutaka ukweli. Lillard mwenyewe, katika ushuhuda uliochapishwa na gazeti la Palmer mwaka 1897, alisema kuwa ilikuwa ni mwezi Januari ndipo alipoambiwa kwamba chanzo cha uziwi wake ni mgongo, na kwamba alitibiwa mara mbili. Binti yake alikuja kueleza baadaye kwamba baba yake alikuwa akipiga soga na rafiki yake ukumbini, Palmer akapita, akacheka, na kwa furaha akampiga mgongoni kwa kitabu alichokuwa ameshika, na ndipo siku chache baadaye msafishaji huyo akaona anasikia vizuri zaidi. Palmer aliandika kwamba pingili ile ilikuwa ya sehemu ya juu ya mgongo, chini ya shingo. Katika masimulizi yaliyoenezwa baadaye na mwanawe, uvimbe ule ulipanda hadi shingoni.

Kwa maneno mengine, tendo la kwanza kabisa la taaluma hii, lililofanywa na mtu mmoja kwa mgonjwa mmoja, halina tarehe moja, halina idadi moja, wala halina mfupa mmoja. Jambo jingine ni kwamba mshipa wa fahamu unaopeleka sauti kwenye ubongo haupiti kabisa mgongoni. Uko ndani ya fuvu. Ndiyo sababu madaktari tangu wakati huo wameshindwa kueleza jinsi pingili ya mgongoni ingeweza kumziba Lillard masikio.

Palmer hakuwa na shaka. Baada ya Lillard alimtibu mgonjwa wa moyo kwa njia hiyo hiyo na kuona nafuu, na kutoka kwa wagonjwa hao wawili akajenga nadharia nzima. Alidai kuwa asilimia 95 ya maradhi yote husababishwa na pingili zilizosogea na kuibana mishipa ya fahamu, na asilimia tano iliyobaki husababishwa na viungo vingine vilivyohama mahali pake. Mgonjwa wake mmoja, mchungaji Samuel Weed, aliyekijua Kigiriki, alimtungia jina kutokana na maneno ya lugha hiyo yenye maana ya kazi ifanywayo kwa mkono. Ndiyo kiropraktiki.

Si yeye aliyekuwa wa kwanza kuugusa uti wa mgongo kwa nia ya kutibu, na yeye mwenyewe alikiri hivyo. Wagiriki wa kale walifanya hivyo. Katika jimbo jirani la Missouri, daktari Andrew Taylor Still alikuwa ameshatangaza tiba yake ya osteopathia mwaka 1874 na kufungua shule mjini Kirksville mwaka 1892. Wapinzani wa Palmer walidai kuwa aliiba elimu hiyo. Alichodai Palmer kuwa ni chake peke yake ni namna ya kusukuma. Wafuasi wa Still walivuta na kuzungusha viungo kwa kutumia urefu wa mkono, mguu au kiwiliwili. Palmer aliweka kiganja juu ya mwiba wa pingili yenyewe, ule mfupa unaojitokeza katikati ya mgongo, akautumia kama mpini mfupi wa wenzo, akasukuma mara moja tu na kuachia. Pingili moja, msukumo mmoja. Ulengaji huo ndio aliojivunia kuliko kitu kingine chochote.

Kwa muda aliificha elimu yake. Inasimuliwa kwamba hakupenda watu wamtazame alipokuwa akimtibu mgonjwa, na kwamba alibadili mawazo mwaka 1897 baada ya kunusurika katika ajali ya treni, alipotambua kuwa angekufa na siri yake. Mwaka huohuo alianzisha shule mjini Davenport. Wanafunzi walikuwa wachache sana. Hadi kufikia mwaka 1902 waliohitimu hawakuzidi idadi ya watu wanaoweza kukaa katika basi dogo. Miongoni mwao walikuwamo madaktari waliokwisha kuhitimu kwingineko, na mwanawe B.J., kijana wa miaka 20.

Mara tu mikono ilipokuwa zaidi ya miwili, tofauti zikajitokeza. Mwanafunzi wake Solon Langworthy alifungua shule ya ushindani huko Cedar Rapids mwaka 1903, akachanganya msukumo wa Palmer na vifaa vya kuvuta mgongo, na mwaka 1906, pamoja na wenzake Oakley Smith na Minora Paxson, akatoa kitabu cha kwanza cha kufundishia taaluma hiyo. Waandishi hao hawakuzungumzia pingili iliyohama pekee, bali pingili iliyokosa uhuru wa kujongea. Kwa msomaji wa kawaida hiyo ni tofauti ndogo. Kwa Palmer ilikuwa ni usaliti, kwani ilimaanisha kuwa tabibu hatafuti tena mfupa uliosogea, bali anapima kwa vidole mwendo ambao hakuna anayeuona.

Serikali nayo haikumwacha. Mwaka 1906 mahakama ya Davenport ilimtia hatiani kwa kutibu bila leseni na kumtaka alipe faini ya dola 350 au aende jela siku 105. Palmer alikataa kulipa kwa sababu ya msimamo, akaingia jela, na baada ya siku 23 akalipa na kutoka. Alipotoka alikuta shule yake iko mikononi mwa mwanawe. Wasuluhishi waliitwa kuamua thamani ya mali, na B.J. akaununua upande wa baba yake kwa zaidi kidogo ya dola 2,000 pamoja na baadhi ya vitabu na mifupa ya maonyesho. Mzee mwenye umri wa miaka 61 akaondoka katika mji aliouanzishia taaluma.

Alikwenda Oklahoma, akafungua tena duka la vyakula, kana kwamba miaka 20 iliyopita haikuwapo. Lakini mikono haikutulia. Alishirikiana na daktari mmoja kufungua shule katika mji wa Oklahoma City, wakashindwana. Alihamia Portland, Oregon, akafungua nyingine, nayo haikudumu. Wakati huo Davenport ilikuwa ikistawi chini ya mwanawe, aliyekuwa na kipaji kikubwa cha kujitangaza. Mwaka 1907 mhitimu wa Davenport, Mjapani Shegataro Morikubo, alishitakiwa huko La Crosse, Wisconsin, kwa kufanya osteopathia bila leseni. Wakili wake, Tom Morris, alijenga hoja kwamba kiropraktiki ni elimu nyingine kabisa, yenye falsafa na mbinu zake, na mshitakiwa akaachiwa huru. Hoja hiyo iliwalinda matabibu wengine kwa miaka mingi, ingawa katika hali halisi wenyewe hawakuwa na mbinu moja.

Mwaka 1910 Palmer alitoa kitabu chake kikubwa huko Portland, chenye kurasa zipatazo 1,000. Ni kitabu kigumu kusomeka. Ndani yake kuna anatomia, kuna mambo ya roho na akili ya asili ambayo aliamini huuendesha mwili kupitia mishipa ya fahamu, na kuna kurasa nyingi sana za kuwakosoa watu waliofundisha tofauti na yeye. Anawasahihisha kama mwalimu wa shule ya kijijini anavyosahihisha madaftari. Huyu anasukuma mfupa usiofaa, yule anatumia nguvu kupita kiasi, mwingine anagonga badala ya kusukuma. Mwanawe hakusalimika. Anayesoma leo anaweza kumwona kama mzee mwenye uchungu, na kweli alikuwa nao. Lakini ni vigumu kukataa kwamba alichokuwa akilalamikia ni jambo la haki: watu walikuwa wakiwasukuma wagonjwa migongo na shingo kwa namna kumi tofauti, na wote wakiiita kwa jina moja.

Katika majira ya kiangazi ya mwaka 1913 alirudi Davenport wakati wa mkusanyiko wa wahitimu. Alitaka kuongoza maandamano kwa miguu, akiwa ameshika bendera ndogo. B.J. alikuwa ndani ya gari. Majibizano yakatokea, na baadaye watu wa upande wa baba walidai kuwa gari la mwana lilimgonga mzee huyo. Upande wa mwana ulikanusha. Palmer alirudi California, na Oktoba 20, 1913 akafariki dunia mjini Los Angeles akiwa na umri wa miaka 68. Kesi dhidi ya B.J. haikufika popote, kwani chanzo cha kifo kilichoandikwa kilikuwa homa ya matumbo, ugonjwa ambao vijidudu vyake vilikuwa vimeshatambuliwa na wanasayansi tangu mwaka 1880. Mtu aliyefundisha kuwa karibu maradhi yote hutoka kwenye pingili aliuawa na maji au chakula kilichochafuka. Mwaka huohuo jimbo la Kansas lilipitisha sheria ya kwanza nchini Marekani ya kuwapa matabibu wa kiropraktiki leseni. Jimbo la mwisho kufanya hivyo, Louisiana, lilisubiri hadi mwaka 1974.

Baada ya kifo chake, shingo ndiyo iliyochukua nafasi ya kwanza. B.J., ambaye alikwisha kuingiza picha za eksirei shuleni tangu mwaka 1910, aliona kuwa vidole pekee havitoshi. Mwaka 1924 alitangaza kifaa cha kupima joto kando ya uti wa mgongo, akidai kwamba sasa kasoro itaonekana kwa mashine na siyo kwa kubahatisha. Alikikodisha kwa zaidi ya dola 2,000, fedha nyingi kwa tabibu wa kijijini, na matokeo yake wafuasi wengi walimkimbia. Walimu wake wanne waliondoka na kufungua chuo huko Indianapolis mwaka 1926. Katika miaka ya 1930 alikwenda mbali zaidi, akafundisha kwamba pingili zote zinaweza kuachwa isipokuwa zile mbili za juu kabisa ya shingo, zinazobeba kichwa. Baba alitafuta kosa katika uti mzima. Mwana alilipeleka lote chini ya kisogo. B.J. alifariki mwaka 1961.

Shingo si mahali pa mchezo. Ndani ya pingili zake kuna matundu, na katika matundu hayo hupita mishipa miwili ya damu inayokwenda nyuma ya ubongo. Mshipa huo ukichanika ukuta wake wa ndani, damu inaweza kuganda na kusababisha kiharusi. Matukio hayo ni nadra, na wataalamu wangali wakibishana kama msukumo ndio unaochana mshipa, au kama mgonjwa huja kwa tabibu akiwa na maumivu ya shingo kwa sababu mshipa umeshaanza kuchanika. Mwaka 2014 chama cha magonjwa ya moyo cha Marekani kilitoa tamko kwamba uhusiano upo, hata kama chanzo hakijathibitishwa, na kwamba mgonjwa anastahili kuelezwa kabla ya kuguswa. Ndiyo maana suala la mikono kufanana si la wanahistoria pekee.

Ilichukua takriban karne moja kabla ya mtu yeyote kuipima mikono hiyo kwa uhakika. Mwaka 1993 watafiti wa Chuo Kikuu cha Calgary, Canada, waliweka kifaa chembamba cha kupimia nguvu kati ya mkono wa tabibu na shingo, wakalinganisha mbinu tano. Kilele cha nguvu kilianzia nyutoni 40 hivi katika mbinu moja na kukaribia 120 katika nyingine. Nyutoni 100 ni sawa na uzito wa nusu ya ndoo ya lita 20 iliyojaa maji, ukiangushwa na kuondolewa kwa karibu sehemu moja ya kumi ya sekunde. Tofauti ya mara tatu, kwenye shingo, chini ya jina moja la tiba: Palmer angepata sura nyingine ya kitabu chake.

Vipimo vilivyofuata, vya shingo na vya mgongo, vilionyesha picha inayofanana. Tabibu mmoja mwenye uzoefu hujirudia kwa kiasi cha kuridhisha. Msukumo wake wa asubuhi hufanana na wa jioni. Lakini akiwekwa kando ya mwenzake, waliosoma mambo yaleyale, kila mmoja huwa na nguvu yake, kasi yake na namna yake ya kuanza, mithili ya mwandiko. Waliozoea kazi husukuma kwa haraka zaidi na kwa mpangilio zaidi kuliko wanafunzi. Hilo lina maana mbili. Mkono unaweza kujifunza, na mkono haujifunzi kitu kimoja kwa kila mwalimu.

Kuhusu kuipata pingili yenye kosa, habari zilikuwa mbaya zaidi kwa urithi wa Palmer. Mapitio ya tafiti yaliyochapishwa mwaka 2004 yalionyesha kwamba wapapasaji wawili hukubaliana vizuri zaidi pale wanapomuuliza mgonjwa wapi panauma kuliko pale wanapokadiria kwa vidole pingili gani haijongei sawasawa. Mwaka huohuo watafiti wa Canada waliwawekea watu vifaa vya kunasa mlio mgongoni, wakawaomba matabibu wataje pingili wanayoilenga. Takriban nusu tu ya milio katika kiuno na mgongo ilitoka pale palipolengwa. Mingine ilitoka sentimita kadhaa kutoka hapo. Mlio wenyewe, ambao wagonjwa wengi hudhani ni mfupa unaorudi mahali pake, hutokana na uwazi wa gesi unaojitokeza ghafla ndani ya kiungo, kama ilivyoonekana mwaka 2015 katika picha za vidole vinavyovutwa zilizopigwa huko Alberta.

Na bado wagonjwa wa maumivu ya shingo na kiuno hupata nafuu, wengi wao kwa kiwango kinachokaribiana na cha tiba nyingine kama mazoezi. Hilo limewafanya matabibu wengi wa siku hizi kuziacha polepole zile asilimia 95 na kuzungumza juu ya maumivu ya misuli na viungo. Wengine wameshikilia kitabu cha mwaka 1910 kama kilivyo. Mwaka 2005 Shirika la Afya Duniani lilitoa mwongozo wa mafunzo ya msingi na usalama katika taaluma hiyo, ikiwa ni pamoja na orodha ya hali ambazo shingo haipaswi kusukumwa kabisa.

Chuo cha Davenport bado kipo, kikiwa na jina la Palmer. Mjini Toronto, si mbali na Port Perry alikokulia mwanzilishi huyo, kuna chuo kingine kilichofunguliwa mwaka 1945. Humo wanafunzi hufanya mazoezi juu ya meza yenye vipimio vya nguvu ndani yake, wakitumia sanamu ya mwili wa binadamu. Mwanafunzi husukuma, mstari hupanda kwenye skrini na kushuka, naye huuona ukubwa wa nguvu aliyoitumia na muda alioutumia. Husukuma tena, akijaribu kuufuata mstari uleule.